Uzito Unaonunuliwa Bila Kupimwa

Mama aendaye buchani kununua nusu kilo ya nyama hakosi kuitazama mizani. Huangalia kama mshale umeanzia kwenye sifuri, huangalia kama mkono wa muuzaji umekwisha ondoka kwenye sahani, na akiona mfupa umezidi husema. Mkulima wa pamba au wa korosho hana haja ya kufundishwa kwamba mizani mbovu ni wizi. Hata mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye mali yake ni kutu na mabaki ya magari, hapokei kitu kabla ya kukitundika. Hata hivyo iko bidhaa moja ambayo thamani yake yote ni uzito, isiyo na kazi nyingine duniani ila kuwa nzito, na hiyo ndiyo inayouzwa na kununuliwa bila mtu yeyote kuipima. Nayo ni vyuma vya mkono vya kufanyia mazoezi, ambavyo wauzaji huviita dambeli: mpini mfupi wenye vichwa viwili vizito, unaoshikwa kwa mkono mmoja.

Jambo hili laweza kuonekana dogo mno kwa jarida la sayansi. Mwananchi wa kijijini achotaye maji kwa ndoo ya lita 20, akatwanga na kulima, hana haja ya kutoa fedha ili apate kitu kizito cha kunyanyua. Vitu vizito vimemjaa nyumbani. Lakini katika miji ya Afrika Mashariki wako watu wengi wanaokaa kitini kutwa nzima, mwanafunzi, karani, dereva na mwuza duka, na maradhi ya sukari na ya shinikizo la damu si mageni tena miongoni mwao. Msuli unaofanya kazi hutwaa sukari kutoka katika damu na kuitumia. Kwa sababu hiyo na nyinginezo, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kila juma, na watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa siku zisizopungua 3. Wengi wanaotaka kuufuata ushauri huo hawana nafasi wala fedha za kwenda kwenye chumba cha mazoezi. Basi huazimia kununua vyuma na kuvitumia nyumbani, na hapo ndipo elimu ya kidato cha kwanza na cha pili inapohitajika, na ndipo inaposahauliwa.

Sehemu kubwa ya vyuma hivyo hutengenezwa China. Utegemezi huo ulidhihirika mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipofunga viwanda na vyumba vya mazoezi kwa pamoja: huko Marekani vyuma vya mkono viliadimika madukani, na walanguzi wakaviuza kwa bei maradufu. Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya miji mingine mikubwa, mnunuzi atakuta aina kama nne. Kuna chuma cha kusubu kilichopakwa rangi. Kuna chuma kilichovikwa mpira. Kuna mpini wenye sahani zinazoweza kuongezwa na kupunguzwa. Na kuna vile vya bei nafuu zaidi, vyenye gamba la plastiki la rangi ya kupendeza, ambavyo vichwa vyake havina chuma ndani, bali vimeshindiliwa saruji na mchanga.

Juu ya kila kimoja pameandikwa namba, na mnunuzi huiamini. Kosa la kwanza laanzia hapo, kwani namba bila kizio si kipimo. Vyuma vingi vilivyokusudiwa soko la Marekani huandikwa kwa ratili, yaani paundi, na ratili 20 ni kilo 9.07 tu. Ichukuliwe kwa mfano jozi iliyoandikwa 20 kila kimoja, inayouzwa kwa shilingi 120,000. Ikiwa namba ile ni ya kilo, mnunuzi amepata kilo 40 kwa shilingi 3,000 kila kilo moja. Ikiwa ni ya ratili, amepata kilo 18 na kidogo, na kila kilo imemgharimu zaidi ya shilingi 6,600. Bei ni ile ile na namba ni ile ile; kilichobadilika ni herufi mbili ambazo pengine zimefunikwa na rangi. Mwanafunzi aliyewahi kunyimwa alama katika mtihani kwa kusahau kuandika kizio, akaona mwalimu amemwonea, yafaa aonyeshwe hesabu hii.

Kosa la pili ni kudhani kwamba namba iliyoandikwa kwa kilo ni kweli tupu. Vyuma vya mashindano ya kimataifa ya kunyanyua uzito vina sharti kali: sahani ya kilo 20 hairuhusiwi kupungua zaidi ya gramu 10 wala kuzidi zaidi ya gramu 20. Vyuma vya nyumbani havifungwi na sharti hilo. Chuma kilichomiminwa katika kalibu ya mchanga hakitoki sawasawa na mwenzake, na kiwanda kinachouza kwa bei ya chini hakina sababu ya kukinoa kipande kimoja kimoja hadi kilingane. Upungufu wa gramu 100 katika kilo 5 haumdhuru mtu. Upungufu wa nusu kilo ni sehemu moja katika kumi ya fedha iliyotolewa, na hakuna mchuuzi wa sukari ambaye angesamehewa upungufu huo. Nchini Tanzania Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya mwuza nyama na pampu ya mwuza mafuta. Dambeli huuzwa kwa jozi, kama viatu, wala si kwa kupimwa mbele ya mnunuzi. Hivyo mnunuzi ni lazima awe mkaguzi wake mwenyewe. Njia ni nyepesi. Aombe mizani ya duka la jirani lenye kuuza mchele, au achukue ile mizani ndogo ya kutundikia mizigo ya wasafiri, apime vyuma vyote viwili kimoja baada ya kingine, kisha agawanye bei kwa kilo alizoziona kwa macho yake. Mwuzaji atakayekataa bidhaa yake isipimwe amekwisha jibu swali ambalo hakuulizwa.

Uzito ukishajulikana, hubaki swali la kitu kilichomo ndani. Hapa ndipo Archimedes anapoweza kutolewa kitabuni na kuletwa sokoni, au walau maabara ya shule. Sentimeta moja ya ujazo ya chuma cha kusubu ina gramu 7.2 hivi; ya zege ina gramu 2.4. Kwa hiyo kilo 5 za chuma zina ujazo wa lita 0.7, na kilo 5 za zege zina ujazo wa lita 2 na ziada kidogo. Ndoo ikijazwa maji hadi ukingoni, na dambeli ikazamishwa polepole, maji yatakayomwagika yatasema kila kitu. Njia safi zaidi ni kuitundika dambeli kwenye mizani ya springi, kwanza hewani, halafu ikiwa imezama yote ndani ya maji. Ile ya chuma iliyosoma kilo 5 hewani itasoma kama kilo 4.3 majini, ile ya zege itasoma kama kilo 2.9. Tofauti hiyo yaonekana hata na mwanafunzi aliyekaa dawati la nyuma. Ikiwa gamba la plastiki lina ufa, mapovu yatatoka na maji yataingia, na hilo nalo ni jibu. Dambeli iliyovikwa mpira itaangukia katikati, kwa sababu mpira ni mwepesi kuliko chuma, na darasa laweza kuachiwa kazi ya kukadiria unene wa mpira huo.

Haimaanishi kwamba zege ni udanganyifu. Kilo ya zege ni kilo, nao msuli hautambui iwapo kinachouvuta kimetoka tanuru la kiwandani au mfuko wa saruji. Ubaya wa vile vya plastiki ni mwingine. Kwanza, mara nyingi huuzwa kwa bei ya kilo inayokaribia ile ya chuma, ilhali vilivyomo ni mchanga na saruji. Pili, kwa kuwa ujazo wake ni mara tatu, vichwa huwa vinene, vikagonga paja na kuzuia mkono usifike mwisho wa mwendo wake. Tatu, plastiki iliyoachwa juani hupasuka. Mtu anayefahamu hayo yote akanunua kwa bei inayostahili hakupotea.

Basi ni kilo ngapi zinunuliwe? Katika swali hili fedha nyingi hupotea kuliko katika yote yaliyotangulia, kwa maana kijana hununua kwa kutazama picha ya mtu mwenye kifua kipana badala ya kutazama mkono wake mwenyewe. Mkono ni wenzo, na kiwiko ndicho egemeo lake. Msuli wa mbele ya mkono umejishika kwenye mfupa kiasi cha sentimeta 5 kutoka kwenye kiwiko, lakini chuma kimeshikwa kiganjani, kama sentimeta 35 kutoka hapo hapo. Mkono ukiwa umekunjwa kwa pembe mraba na kushika kilo 5, msuli ni lazima uvute kwa kani mara 7 ya uzito huo, yaani nyutoni 343, bila kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Ni kama kwamba msuli umetundikiwa kilo 35, ambazo ni zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji. Kilo 5 si kitu cha kudharauliwa hata kidogo.

Kutokana na kanuni hiyo hiyo ya nyenzo, chuma kimoja chaweza kufanya kazi ya viwili. Chuma cha kilo 4 kinachoinuliwa ubavuni kwa mkono ulionyooka, kikiwa sentimeta 60 kutoka begani, hulidai bega momenti ile ile ambayo kilo 8 zingeidai kwa kiwiko kilichokunjwa, zikiwa sentimeta 30 kutoka begani. Anayejua kubadili umbali hahitaji safu ya jozi kumi ukutani. Wauzaji hawana haraka ya kulieleza jambo hili.

Utafiti nao umeunga mkono upande wa chuma chepesi, japo kwa mpaka. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, walichapisha matokeo ya majuma 10 ya mazoezi ya miguu kwa vijana wa kiume. Wengine walinyanyua asilimia 80 ya uzito wa juu kabisa waliouweza, wengine asilimia 30, na wote waliendelea hadi wakashindwa kuinua tena. Misuli ilikua kwa kiasi kisichotofautiana sana. Katika kuongeza nguvu ya kuinua mzigo mkubwa mara moja, mzigo mzito ulikuwa bora. Kwa hiyo anayejiandaa kwa mashindano atahitaji uzito mkubwa na mwalimu wa kumsimamia. Anayetaka afya na misuli imara nyumbani aweza kuanza na chuma anachoweza kukiinua mara 15 au 20 kwa utaratibu, mradi afike karibu na kuchoka. Kinachotakiwa baadaye ni nyongeza ndogo ndogo. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyewatibu askari wenye magoti mabovu huko Chicago wakati wa Vita Kuu ya Pili, alijenga tiba yake juu ya nyongeza za namna hiyo, akaichapisha mwaka 1945. Wala nyongeza hazina umri: mwaka 1990 ilichapishwa Marekani taarifa ya wazee 10 wa miaka 86 hadi 96, wakazi wa nyumba ya kulelea wazee, ambao kwa majuma 8 ya kunyanyua uzito waliongeza nguvu za miguu yao zaidi ya maradufu.

Nyongeza ndogo ndiyo sababu mpini mmoja wenye sahani za kuongeza na kupunguza ni ununuzi wa busara kuliko jozi ya uzito mmoja. Anayetoka kilo 5 kwenda kilo 7.5 amerukishwa nusu nzima ya mzigo wake wa awali. Atashindwa, ataumia, au atavitupa vyuma chini ya kitanda. Nyongeza ya nusu kilo kila upande ingemfikisha huko huko bila kelele.

Lakini mpini wa sahani una kasoro yake, nayo ni kifungio. Katika uchunguzi wa majeruhi wa kunyanyua uzito waliotibiwa katika vyumba vya dharura vya hospitali za Marekani kati ya mwaka 1990 na 2007, takriban theluthi mbili waliumizwa na chuma kilichowaangukia. Kilo 10 zikianguka kutoka kimo cha meta 1 hufika chini kwa mwendo wa karibu meta 4.4 kwa sekunde, na kidole cha mguu hakina kinga dhidi ya mwendo huo. Hivyo kabla ya kulipa, mnunuzi akaze vifungio, aushike mpini wima, autikise kwa nguvu, kisha augeuze. Sahani ikicheza, aache. Mpini mwembamba na laini sana huteleza mkono ukitoka jasho. Wenye michoro ya kukwaruza hushikika vizuri. Na nyumba yenye mtoto anayetambaa haifai kuwa na vyuma vinavyoviringika: vichwa vyenye pembe sita havikuvumbuliwa kwa ajili ya urembo.

Hata hivyo si lazima chuma kitoke ng'ambo. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wale wa Kamukunji, Nairobi, wanaweza kuunga vichwa kwenye kipande cha nondo nene kwa muda wa saa chache, na chuma wanachokitumia wamekinunua kwa mizani. Vijana wa mitaani wamekuwa wakimimina zege ndani ya makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba tangu zamani. Wenye vyumba vya kisasa huwacheka. Hawastahili kuchekwa, wanastahili kusahihishwa mahali pamoja tu, nalo ni bomba. Bomba laini lililosimikwa ndani ya zege, bila kitu cha kulizuia, huzunguka baada ya miezi michache na hatimaye huchomoka, na aghalabu huchomoka likiwa juu ya uso wa mtu aliyelala chali.

Kwa hiyo kazi hii ilipasa kufanywa shuleni, mwalimu wa fizikia akishirikiana na mwalimu wa michezo na fundi wa karakana. Shule nyingi husubiri fedha za kuagiza vifaa vya michezo, ilhali makopo mawili ya maziwa ya unga yenye ujazo wa lita 1, kipande cha bomba la maji la robo tatu inchi chenye urefu wa sentimeta 35, misumari minne na kiasi kidogo cha saruji, mchanga na kokoto ndogo hutosha kutengeneza chuma cha mkono cha karibu kilo 5. Bomba litobolewe kila mwisho na misumari ipenyezwe kimsalaba kabla ya kumimina, ili zege iikumbatie. Katikati ziachwe sentimeta 12 au 13 za kushika. Mwanafunzi akokotoe kwanza uzito utakaopatikana, auandike daftarini, ndipo amimine. Hakuna zoezi la ujazo na uzito litakalokumbukwa kwa muda mrefu kuliko hilo.

Pingamizi linalosikika mara kwa mara kutoka kwa wazazi ni kwamba kijana akinyanyua vyuma hatarefuka. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2020, hakikuona kwamba mazoezi ya uzito yanayosimamiwa ipasavyo hudhuru kimo cha mtoto. Kinachomdhuru ni mzigo uliozidi uwezo wake, mashindano ya nani anaweza zaidi, na kukosa msimamizi. Inashangaza kwamba hofu hiyo haitajwi anapoonekana msichana wa miaka 12 akipanda mlima na ndoo kichwani. Naye msichana huyo ana haki ya kuvishika vyuma hivi katika kipindi cha michezo kama mvulana, kwani mifupa yake, atakapozeeka, itahitaji akiba iliyowekwa sasa.

Zege yafaa iachwe katika unyevu kwa siku 7 za kwanza, na ifike siku 28 kabla ya kutumiwa. Katika siku hizo baadhi ya maji hutoka, na kilichopimwa siku ya kumimina si kile kitakachonyanyuliwa. Basi vyuma vipelekwe kwenye stoo ya jikoni, ilipo mizani ya kupimia unga na maharage, vipimwe kwa mara ya pili mbele ya wanafunzi waliovitengeneza. Kilicho kizito zaidi ya mwenzake kichongwe kwa patasi hadi vilingane. Ndipo rangi iletwe, na namba iandikwe pamoja na kizio chake.